Barua za marafiki wa kardinali aliyeitwa mzushi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa parokia moja huku Dodoma, nina miaka 26. Kwenye jumuiya yetu kuna katekista mtu mzima, ndo aliyenifundisha mpaka nikapata komunyo ya kwanza, sasa ni mwezi wa pili anasemwa kwamba anafundisha uzushi kisa kwenye semina alisema mtu haokolewi kwa michango wala kwa matendo yake bali kwa neema ya Mungu, mtu akarekodi kipande akakirusha kwenye grupu ikawa moto. Wenzake waliokuwa wanakula naye ugali wa uwele na mlenda kila Jumapili baada ya misa leo hawapokei simu zake. Paroko bado hajasema kitu. Padre mmoja mgeni alituambia kuna kardinali zamani alifungwa kwa keisi ya hivi hivi halafu baadae akaja kuongoza mtaguso, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ila hakumaliza kutuhadithia. Ni kweli? Na marafiki zake walifanya nini, walimtetea au walikausha? Naomba na ushauri, nimwandikie paroko au nikae kimya?
Mwanakwaya, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na imeniuma, huyo mzee namuona kabisa amekaa barazani simu iko mkononi haiiti.

Ni kweli. Kardinali huyo ni Giovanni Morone, aliyewahi kuwa askofu wa Modena huko Italia, mtu aliyetumwa na mapapa kuongea na wafalme wa Ujerumani. Tarehe 31 Mei 1557 Papa Paulo IV akaamuru akamatwe, akafungiwa Castel Sant'Angelo, ile ngome ya Roma iliyo kando ya mto Tiber. Mashtaka yalikuwa mengi ila kiini chake ni hicho hicho alichosema katekista wako. Eti alifundisha kwamba mtu anahesabiwa haki, yaani anakubaliwa na Mungu kuwa mwadilifu, kwa imani, eti alisambaza kitabu cha kuisifu neema ya Kristo, eti alimzuia Mjesuiti mmoja, Alfonso Salmerón, asihubiri Modena kwa sababu alikuwa anasisitiza mno matendo ya mwanadamu.

Sasa ili uwaelewe marafiki zake inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1541 kule Regensburg, mji wa Ujerumani, kardinali Gasparo Contarini alikaa meza moja na wafuasi wa Luther na kwenye hoja hii ya kuhesabiwa haki wakafikia makubaliano kabisa, kwa maandishi. Rafiki yake Reginald Pole, kardinali Mwingereza, alipopata habari aliandika kwa furaha kubwa akiyafananisha makubaliano yale na jiwe la thamani ambalo Kanisa lilikuwa nalo siku zote ila limefichwafichwa, sasa limewekwa peupe. Angalia mwaka lakini. Kanisa lilikuwa bado halijatoa tamko, tamko la Mtaguso wa Trento juu ya jambo hili lilitoka Januari 1547. Yaani mtu aliandika kitu ambacho siku hiyo wenye elimu walikuwa wanakijadili kwa uhuru tu, halafu miaka kumi na tano baadae karatasi ile ile inatolewa kabatini anaulizwa mbona uliandika hivi. Huu uonevu ndo unaoniumiza kuliko yote kwenye historia hii, na ndo naouona kwenye hicho kipande cha kurekodiwa ulichonisimulia, maneno yanakatwa kutoka kwenye siku yake na watu wake yanapelekwa mbele ya watu ambao hawakuwepo.

Turudi kwenye barua. Julai 1542 ilianzishwa mahakama ya makardinali ya kuwatafuta wazushi, na mmoja wa waliokuwa mbele kabisa kwenye kazi hiyo ni Gian Pietro Carafa, huyu huyu aliyekuja kuwa Paulo IV. Kipindi hicho hicho Bernardino Ochino, mkuu wa Wakapuchini (shirika la watawa, hili hili ambalo ndugu zake wa Uswisi walikuja Dar es Salaam 1921), mhubiri ambaye miji ya Italia ilikuwa inamgombania, aliitwa Roma akajieleze. Akaanza safari, akapita Bologna kumsalimia Contarini ambaye alikuwa kitandani anakufa, alipofika Florence akageuza njia akakimbilia Geneva kwa Waprotestanti. Kabla hajaondoka, tarehe 22 Agosti 1542, akamwandikia Vittoria Colonna, mama wa ukoo mkubwa na mshairi, rafiki yake na mtetezi wa Wakapuchini kwa mapapa, akimweleza kwa nini anakimbia.

Sasa fikiria mwanangu, karatasi ya mtu anayetafutwa ipo mkononi mwako, imekunjwa, imepigwa muhuri wa nta, na jina lako limeandikwa juu. Utafanyaje? Vittoria aliomba ushauri kwa Pole, Pole akamwambia chochote kitakachotoka kwa huyo fra (yaani bruda) Bernardino Ochino asikijibu, akipeleke kwa kardinali Marcello Cervini. Desemba 1542 kilipomfikia kitu kingine kutoka kwa Ochino akafanya hivyo hivyo, na akaandika kwamba inamuuma kuona kadiri Ochino anavyozidi kujitetea ndivyo anavyozidi kujishtaki, na kadiri anavyodhani anawaokoa wengine wasizame ndivyo anavyowaacha kwenye gharika, maana yeye mwenyewe yuko nje ya safina.

Watu wengi wakisoma hapo wanasema mama huyu alimuuza rafiki yake. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo nilipokuwa kijana, leo sisemi, maana Ochino alishafika Geneva wala barua ile isingemfunga, ila mwanamke aliyebaki Italia akishikwa anaandikiana kwa siri na mtu aliyekimbia angeponza nyumba nzima ya marafiki. Na asikudanganye mtu kwamba woga wao ulikuwa wa bure. Yupo Pietro Carnesecchi, aliyewahi kuwa katibu wa Papa Klementi VII, aliandikiana miaka mingi na Giulia Gonzaga aliyekuwa anaishi kwenye monasteri Naples. Giulia akafariki Aprili 1566, karatasi zake zikachukuliwa, na ndani yake zikawemo barua za Carnesecchi. Akakabidhiwa Roma, akahojiwa mstari kwa mstari kuhusu maneno aliyomwandikia rafiki yake kwa kumwamini, jina hili ni nani, neno hili ulimaanisha nini, na tarehe 1 Oktoba 1567 akakatwa kichwa na mwili ukachomwa. Sisi leo tunaogopa skrinshoti, wenzetu waliogopa kabati la marehemu.

Sasa Morone ndo yuko ndani, tuwaangalie hao marafiki. Contarini alishakufa 1542, Vittoria 1547. Aliyebaki na sauti ni Pole, na Pole naye mwaka huo huo wa 1557 alivuliwa kazi ya kuwa mjumbe wa papa Uingereza, akaitwa Roma naye akajibu tuhuma. Malkia Mary akakataa, mjumbe aliyeleta barua za papa akazuiliwa Calais hata bahari asivuke. Pole angeweza kukaa kimya kwenye kivuli cha malkia. Hakukaa. Alishika kalamu akamwandikia papa mwenyewe utetezi mrefu, wa kwake na wa Morone, ukali wa mtu aliyechoka kuonewa umo humo, anamwambia papa wazi kwamba anawatesa watumishi waaminifu wa Kanisa. Akamaliza. Halafu inasimuliwa kwamba aliusoma tena akautupa kwenye moto, akisema hafunui uchi wa baba yake, akimaanisha yule Nuhu aliyelala uchi na mwanae Hamu akamuona. Nakala nyingine ya maandishi ilibaki ndo maana tunajua kilichokuwemo. Kwa papa zikaenda barua nyingine za upole zaidi, bado zinamtetea. Pole akafa tarehe 17 Novemba 1558, siku moja na Malkia Mary, Morone bado yuko ngomeni.

Naipenda sana hiyo karatasi iliyoungua, sikufichi. Alikuwa na hasira ya haki kabisa na akaiandika yote mpaka mwisho, ila aliyemwandikia alikuwa papa mwenyewe, hakwenda kumsema pembeni kwa makardinali wenzake, na jina lake aliliweka.

Na Morone je? Aliambiwa anaweza kutoka, akakataa, akasema hatoki mpaka itangazwe hadharani kwamba hana kosa. Tarehe 18 Agosti 1559 Paulo IV akafariki, watu wa Roma wakavamia jengo la mahakama ya uzushi wakalichoma wakafungulia wafungwa, na Morone akatoka ngomeni akaingia kwenye uchaguzi wa papa mpya pamoja na wenzake. Papa Pio IV akamsafisha rasmi mwaka uliofuata, na 1563 akamtuma Trento kuuongoza mtaguso ambao ulikuwa umekwama kabisa, akaufikisha mwisho Desemba ya mwaka huo. Padre wenu alisema ukweli.

Sasa ushauri wako. Kwanza nenda kwa mzee, nenda Jumapili hii baada ya misa, usimtumie meseji, nenda kwa miguu yako mkae mle huo mlenda, muulize alisema nini hasa siku ile ya semina, kabla na baada ya kile kipande. Kisha mwandikie paroko, na uandike kwa mkono karatasi moja tu, weka jina lako na jumuiya yako, eleza ulichokisikia kwa masikio yako na ulichofundishwa na mzee huyu miaka yote, usimtaje aliyerekodi wala usimseme mtu. Ukiona unaandika kwa hasira maliza kuandika, lala, asubuhi andika nyingine. Kwenye grupu usiandike neno hata moja. Na huyo padre mgeni akipita tena Nkuhungu mwambieni awape semina ya neema, maana hilo neno alilosema mzee wenu limo kabisa kwenye mafundisho ya Trento yenyewe, kwamba hakuna anayehesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Mungu kwa Yesu Kristo, ni kanuni ya kwanza kabisa ya tamko lile la 1547. Mpelekee na hiyo mzee ukienda, mwambie mwalimu anamsalimia.