Mjamzito asisubiri hamu ya mazoezi

Swali la wiki lilikuwa: mjamzito afanyeje ili mazoezi aliyoanza yasiishie njiani? Nasema aache kusubiri hamu. Miezi mitatu ya kwanza huliwa na kichefuchefu, ya mwisho na mgongo. Kinachomvusha ni ratiba, tena fupi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wengi wakisikia 150 huvunjika moyo palepale. Zigawe: kutembea dakika 30 siku tano, au dakika 10 mara tatu kwa siku. Aliyekuwa hafanyi kitu aanze na dakika tano, nazo zinahesabika. Zifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku, kama kumpeleka mtoto shule. Joto la pwani si la mchezo. Tembea kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na uvae raba, si kandambili, maana mimba hulegeza viungo na tumbo hubadilisha mizani ya mwili. Kasi inatosha ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Mambo huharibika pale mtu anaporuka siku tatu kisha Jumamosi akataka kulipa deni lote. Nyonga zinauma, na wiki inayofuata hatoki kabisa. Siku iliyopita imepita. Kwa siku mbaya weka zoezi dogo lisiloshindikana: kaza misuli ya chini ya nyonga kama anayezuia mkojo na upepo, hesabu hadi 5, legeza kabisa, rudia mara 8. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata kwenye benchi la kliniki. Usibane pumzi wala makalio, na usijizoeze katikati ya kukojoa, kibofu kitabaki na mkojo.

Baada ya miezi minne hivi, acha mazoezi ya kulala chali. Mji wa mimba hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ndiyo maana wengine huona kizunguzungu.

Mwenye presha, upungufu mkubwa wa damu, kondo la nyuma lililokaa chini au mlango wa kizazi ulioshonwa aulize kliniki kabla ya kuanza. Yeyote akiona damu au maji ukeni, akiumwa kifua, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, asimame na aende hospitali siku hiyohiyo.

Na kazi za nyumbani? Kudeki kunakokupandisha pumzi ni mazoezi, sibishi. Ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo tu, abebe baba mtoto. Yeye naye, badala ya kusema "jitahidi" akiwa kwenye kochi, avae viatu atoke na mwenzake.