Ukienda maonesho ya ajira, acha kugawa CV kama vipeperushi

Nimekaa pande zote mbili za ile meza. Zamani nilisimama mbele yake na bahasha yangu ya kaki. Siku hizi nakaa nyuma, nimevaa fulana ya kampuni. Sisi ni watu wa mizigo ya bandarini, na tukialikwa kwenye maonesho ya ajira, iwe Chuo Kikuu au Mlimani City, huwa natumwa mimi na dada mmoja wa rasilimali watu.

Chini ya meza yetu kuna boksi. Mtu anakuja, "Shikamoo, naomba kuacha CV," anaacha, anahamia meza ya jirani. Jioni boksi limefurika na sikumbuki sura hata moja. Safari moja akaja kijana aliyesomea ununuzi na ugavi, CV yake hajaitoa hata kwenye begi. Akauliza: "Kontena likichelewa kutoka bandarini, ile tozo ya ucheleweshaji mnabeba nyinyi au mteja?" Nikamwambia inategemea kosa ni la nani, tukabishana naye hadi waliopanga foleni nyuma wakaanza kuguna. Dada akamwomba CV mwenyewe, akaandika pembeni kwa kalamu: apigiwe. Hiyo haikuingia kwenye boksi.

Swali la namna ile huandaliwa nyumbani. Mara nyingi waandaaji hutangaza mapema waajiri watakaokuja, hasa Instagram. Chagua wanne au watano tu, tafuta matangazo yao ya kazi ya nyuma uone huwa wanataka watu wa aina gani, na kama mtaani kwenu kuna anayefanya kazi huko, mfuate mzungumze. Hata akiwa mlinzi. Walinzi wanajua mengi.

Kwa taasisi za serikali, usijisumbue kubembeleza mtu apokee makaratasi. Nafasi nyingi za utumishi wa umma huombwa mtandaoni, kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Pale mezani uliza mambo ambayo tangazo halisemi: kazi yenyewe ikoje, na waombaji wengi hukwama wapi. Ukiikuta meza ya TaESA, wale wa serikali wanaoshughulikia huduma za ajira, ulizia mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu. Vijana wengi huipita wakikimbilia mabenki na kampuni za simu, ambako foleni ndiyo ndefu kuliko zote. Mimi ningeanzia kwenye meza isiyo na watu, nichangamshe ulimi kwanza.

Fika asubuhi. Ikifika saa tisa sisi wenyewe tumechoka, tunajibu kwa kutikisa kichwa. Na kwa joto la Dar, ukishuka kwenye mwendokasi iliyojaa, shati halitamaniki. Libebe kwenye begi ukabadilishe ukifika. Kopi toa jana yake, vyeti halisi viache nyumbani.

Halafu simu. Niliwahi kumpigia binti tuliyempenda sana, badala ya mlio wa kawaida nikachezewa singeli. Mimi nilicheka. Bosi aliyekuwa pembeni hakucheka. Ondoa huo mwito mpaka upate kazi, tafadhali.

Uliyeongea naye vizuri, mwombe namba au barua pepe ya ofisini, na umwandikie jioni ileile kabla sura yako haijachanganyika na za wengine: "Shikamoo dada, ni mimi tuliyeongea leo kuhusu tozo za kontena. Nimeambatanisha CV. Nafasi za mafunzo zikitoka, naomba unijulishe." Inatosha. Akikaa kimya, uliza tena mara moja baada ya wiki mbili hivi, basi. Akitokea wa kukuambia utume hela ya fomu au ya usaili, izuie namba hiyo, hata kama mlikutana ukumbini na amevaa kitambulisho shingoni.