Maswali ya Wasomaji: Chupa ya Lebanon Iliyofika Hombolo

SWALI: Mbukwenyi, Mhariri. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, nina ekari moja na nusu ya Makutupora nyekundu. Mwanangu ambaye ni askari, aliporudi kutoka kulinda amani nchini Lebanon, aliniletea chupa ya mvinyo mwekundu iliyoandikwa Chateau Musar, 2016, akasema ni kazi ya familia moja ya huko na kwamba inasifika sana. Nilipoiinua dirishani niliona kitu kama vumbi jeusi kimelala upande mmoja. Mchuzi wangu mimi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi, nikiuweka miezi mitano tu huanza kunukia siki. Je, mvinyo huu haujaharibika? Na kama ni mzima, watu hao wanauweka vipi miaka yote hiyo? – Msomaji, Hombolo, Dodoma.

JIBU: Mzee wetu, kwa maelezo uliyotupa hatuoni dalili ya kuharibika. Hicho ulichokiona ni mashapo, yaani rangi na tanini (vitu vyenye ukakasi) za maganda ya zabibu ambazo, baada ya miaka kadhaa ndani ya chupa, hushikana, huwa nzito na kuzama. Viwanda vingi huchuja mvinyo kabla ya kuujaza ili mnunuzi asikutane na kitu cha namna hiyo, lakini familia ya Hochar, ambayo ndiyo yenye Musar, hujaza mwekundu wake bila kuuchuja, kwa hiyo ungeshangaa zaidi kama chupa ya umri huo isingekuwa na mashapo kabisa.

Familia hiyo ilianza kazi mwaka 1930, pale Gaston Hochar, kijana wa miaka 20, alipofungua ghala la mvinyo katika kasri la kale la Mzar, mjini Ghazir, kaskazini mwa Beirut. Jina la Musar limetoka kwenye kasri hilo, na kwa Kiarabu neno hilo hutaja mahali panapozuriwa; ni ndugu wa damu wa maneno yetu ziara na kuzuru, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujisifu kwamba anaielewa lebo hiyo kuliko Mwingereza anayeilipia fedha nyingi. Mtoto wa Gaston, Serge, alisomea utengenezaji wa mvinyo Bordeaux, nchini Ufaransa, akashika kazi ya ghalani mwaka 1959. Mdogo wake, Ronald, alijiunga mwaka 1962 kushughulikia hesabu na biashara. Leo kizazi cha tatu ndicho kinachoendesha shughuli.

Jambo ambalo mkulima wa Hombolo atalielewa upesi ni umbali kati ya shamba na ghala. Mizabibu ya Musar iko katika bonde la Bekaa, uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Dodoma yetu, ilhali ghala liko ng'ambo ya milima, upande wa bahari. Kila msimu zabibu lazima zipandishwe mlimani kwa malori na kuteremshwa upande wa pili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1975, barabara hiyo ikawa inapita katikati ya watu wanaopigana. Mwaka 1976 hapakutengenezwa mvinyo wowote. Mwaka 1984 malori yalikwama njiani kwa siku kadhaa, na zabibu zikaanza kuchacha zikiwa bado juu ya malori. Miaka mingine yote ya vita, hadi vilipokoma mwaka 1990, walivuna na kukamua, na mabomu yalipozidi ghala lile la chini ya ardhi liligeuka kuwa mahali pa kujificha.

Vita ndivyo vilivyoufanya mvinyo huo ujulikane nje. Wanunuzi wa nyumbani walipotoweka, Serge alibeba chupa zake hadi Uingereza, na katika maonyesho ya mvinyo ya Bristol ya mwaka 1979 mtaalamu Michael Broadbent aliusifu waziwazi kuwa ndio uvumbuzi wa maonyesho hayo. Mwaka 1984, mwaka uleule wa malori kukwama, jarida la mvinyo la Uingereza, Decanter, lilimteua Serge kuwa mtu wake wa mwaka, na alikuwa wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Sasa swali lako la pili. Mwekundu wao mkuu huchanganywa kutoka zabibu za aina tatu: Cabernet Sauvignon, ambayo hutoa tanini na uti wa mgongo, Carignan, yenye rangi nzito na uchachu, na Cinsault, iliyo laini na yenye harufu nzuri. Zabibu huchachushwa katika matangi ya saruji kwa chachu iliyokuja nazo kutoka shambani, kila aina peke yake, kisha mvinyo hukaa mwaka mmoja hivi katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Mwaka wa tatu huchanganywa na kujazwa kwenye chupa, na chupa hulazwa ghalani hadi mwaka wa saba tangu mavuno. Chupa yako ya 2016, kwa maana hiyo, ilitoka kwao mwaka 2023. Hesabu mwenyewe mzee: wakati wowote ule, familia hiyo ina mavuno ya misimu sita au saba yaliyokaa chini bila kuleta hata senti. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri yao kubwa zaidi, kwa sababu zabibu nzuri zinapatikana hata Hombolo, lakini mtu anayedaiwa ada ya shule mwezi Januari hawezi kusubiri miaka saba.

Kuhusu mchuzi wako kunukia siki, hao ni vijidudu vinavyogeuza kilevi kuwa siki, na haviwezi kufanya kazi bila hewa. Simtenki iliyojaa nusu, iliyowekwa chini ya bati, ambayo bomba lake hufunguliwa kila mteja anapokuja na dumu lake, huvipa kila vinachohitaji: hewa juu, joto pande zote. Tumewahi kuonja mchuzi uleule wa mkulima mmoja kutoka vyombo viwili. Wa dumu lililojazwa hadi shingoni ulikuwa na harufu ya zambarau mbivu, na wa tenki ulikuwa wa kuungia kachumbari. Anza hapo kabla ya kuwaza mapipa ya mwaloni.

SWALI: Sisi Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na nasikia nchi hizo zenye sifa huvuna mara moja tu. Mbona basi hatujawapita? – Msomaji, Mpunguzi.

JIBU: Dada yetu, mara mbili ni faida ya mfukoni, lakini si lazima iwe faida ya chupa. Bekaa kuna majira ya baridi yenye theluji milimani. Mzabibu hupukutisha majani, hulala, na huamka wenyewe majira ya joto yakikaribia. Hapa kwetu haulali. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wa kupogolea, na baada ya miezi minne au mitano vichala viko tayari, kisha unapogolewa tena. Mavuno ya mwanzo wa mwaka huangukia kwenye mvua, hivyo zabibu hunywa maji, sukari hupungua na ukungu hushambulia. Yale ya kiangazi, mwezi Agosti na Septemba, hukomaa katika ukavu na usiku wa baridi. Kama tungekuwa na ekari Mpunguzi tungeuza mavuno ya mvua yakiwa zabibu za mezani, na mvinyo mwekundu wa kuweka tungeukamua kutoka yale ya kiangazi pekee, yakiwa yamechumwa alfajiri.

SWALI: Pembeni mwa barua yake, mzee wa Hombolo ameuliza pia: Chupa nimeisimamisha juu ya kabati. Niinywe lini, na vipi?

JIBU: Iteremshe leo hii. Juu ya kabati, chini ya bati, ndipo mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba. Ilaze sakafuni, kwenye chumba kisichopigwa na jua la mchana, ili mvinyo uendelee kugusa kizibo na kisikauke. Ukishachagua siku, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yashuke chini, kisha iweke kwenye friji kwa nusu saa tu. Zungusha kizibuo taratibu, maana kizibo cha miaka mingi hukatika. Mimina polepole kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, na ukiona uzi mweusi unakaribia mdomo, acha kumimina hata kama imebaki robo bilauri. Mbuzi wa kuchoma anafaa sana. Mwite na mwanao.