Kibomba cha ndani kikigandia kwenye ekzosi, usianze na nyundo

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, kuna kazi moja ambayo ukiitazama unaiona ya dakika kumi, kumbe inaweza kukulia siku nzima: kuchomoa kile kibomba chenye matundu kinachokaa ndani ya ekzosi kupunguza kelele. Kwenye pikipiki nyingi za zamani za tu-stroku (injini ya mipigo miwili), zile Yamaha na Suzuki walizopanda mabwana shamba kwenda vijijini, kibomba hiki kimetengenezwa ili kitoke na kusafishwa. Kinashikwa na bolti moja ndogo karibu na mdomo wa bomba. Unafungua bolti, unakivuta, kinateleza nje. Ila pikipiki ikizungushwa miaka mitano bila mtu kukigusa, hakitoki ng'o.

Nilikuwa mwaka wa pili kwa fundi wangu, Iringa, ilipoletwa pikipiki ya namna hiyo. Mwenye nayo alilalamika kwamba haipandi milima, inakula mafuta na injini inachemka. Nikatambua ekzosi imeziba. Nikafungua bolti, nikang'ang'ania ukingo wa kibomba kwa praizi, nikavuta. Kimya. Nikaleta tindo na nyundo, nikagonga ukingo kutoka pembeni. Baada ya nusu saa ukingo ulikuwa umechanika mdomo mzima na kibomba hakijasogea hata unywele. Sasa hapakuwa na pa kushika tena. Mzee, yaani fundi wangu, alikuja, akaangalia, hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kinachokishika humo ndani ni nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa napigana na kitu nisichokijua.

Anza na swali hilo. Injini ya tu-stroku inachoma oili pamoja na petroli, na ile oili isiyoungua yote inatoka na moshi, inapoa kwenye mkia wa bomba, inageuka masizi mazito yenye unyevu kama lami. Masizi yanaingia kwenye ule upenyo kati ya kibomba na ekzosi, yanakuwa gundi. Kwenye pikipiki za fo-stroku (mipigo minne) zilizofungwa ekzosi za kununua zenye kibomba cha kuchomoka, adui mara nyingi ni kutu: petroli ikiungua inatoa pia mvuke wa maji, na safari fupi fupi hazilipatii bomba joto la kutosha kuukausha. Pitisha kidole mdomoni bomba likiwa baridi. Kikitoka cheusi, kinateleza na kunuka oili, dawa yako ni dizeli na moto. Kikitoka na vumbi jekundu, dawa ni mafuta ya kulegeza kutu, muda, na kuzungusha. Na zile sailensa za kawaida za bodaboda, ambazo zimechomelewa pande zote, hazina cha kuchomoa. Usimkatie mteja sailensa yake ukitafuta kitu ambacho hakijatengenezwa kitoke.

Kabla ya kuvuta chochote, piga brashi ya waya kuzunguka mdomo mpaka chuma kionekane, umulike na tochi. Masizi yanaweza kuficha bolti ya pili, kama ipo. Huficha pia nukta ya kuchomelea: kuna wenye pikipiki ambao kibomba kilipoanza kupiga kelele walikipeleka kikachomelewa, wakasahau. Nimemwona mwenzangu akivuta kitu cha namna hiyo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nukta kama hiyo unaitoboa kwa drili au kuisaga, huivuti.

Ekzosi ivue kwenye pikipiki. Najua uvivu wa kuivua, hasa nati za kwenye silinda zikiwa na kutu, lakini huwezi kuwasha moto karibu na tanki la petroli, na kila unapogonga mkia wa bomba unaitikisa misumari yenye uzi kule kwenye silinda. Ukikata mmoja umejiongezea kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukishaivua, ziba upande wa injini kwa kitambaa kilichosokotwa vizuri, simamisha bomba mdomo juu, mimina dizeli mpaka ifunike kibomba, uiache ilale usiku kucha. Mteja atataka pikipiki yake leo hii. Mwambie kesho, na umweleze sababu. Mimi nimeshamwambia mteja "kesho" mara nyingi, na akieleweshwa anakubali.

Asubuhi mwaga dizeli, futa, acha bomba juani likauke kabisa. Hapa msinielewe vibaya: usipeleke moto kwenye bomba lenye dizeli au thina ndani, na usisogeze uso wako mdomoni mwa bomba unapolichoma, maana mvuke uliojificha huwaka ghafla. Fanyia nje, penye hewa, toa kile kitambaa upande wa pili.

Moto unapiga nje tu, kuzunguka mdomo, haraka, bila kusimama sehemu moja. Lengo ni bomba la nje lipanuke kabla kibomba cha ndani hakijapata joto. Mdomo wa milimita 40 ukiongezewa joto la nyuzi 200 unapanuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Inaonekana si kitu, lakini upenyo wenyewe ulioshikwa na masizi ni mdogo, na joto hilo hilo linayalainisha masizi. Ukichelewa, vyote viwili vinachemka pamoja na hujapata faida. Kama bomba lina kromu, mweleze mteja mapema kwamba itabadilika rangi iwe ya bluu.

Sasa zungusha kwanza. Hili ndilo mzee alilonifundisha siku ile, na ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Gundi huwa ngumu ukiivuta moja kwa moja, lakini ukiisokota inakatika kidogo kidogo. Pitisha chuma imara kwenye tundu la bolti, au kama ukingo umechanika kama wangu, toboa matundu mawili ya milimita 6 yanayotazamana kwenye ukuta wa kibomba, pale panapoonekana nje, upitishe chuma katikati. Kishike kama usukani. Kulia kidogo, kushoto kidogo. Ukisikia mkwaruzo, umeshinda, hata kama bado hakitoki. Ongeza mafuta bomba likishapoa, yafute na ulikaushe kama mwanzo, ndipo upashe tena, zungusha tena. Siku ile tulirudia mara nne.

Kikishaanza kuzunguka, kivute kwa pula, yaani kifaa cha kuvutia, unayojitengenezea. Tafuta kipande cha bomba kipana kuliko kibomba, kikae juu ya ukingo wa ekzosi. Juu yake laza bamba nene lenye tundu. Pitisha nondo yenye uzi, chini yake umechomelea ndoano inayoshika kile chuma cha katikati, juu yake nati na washa. Kaza nati kwa spana, robo mzunguko, gonga bomba pembeni kwa nyundo ya mpira, kaza tena. Nguvu inakwenda sawasawa pande zote na hakuna kinachochanika. Wengine hutumia nondo yenye uzito unaoteleza na kugonga nyuma. Inafanya kazi, ila kwa mkono mgeni huchana matundu.

Kusafisha ni rahisi: kiweke kibomba kwenye jiko la mkaa, nje, masizi yaungue, kisha brashi ya waya. Kama kimevishwa sufi ya kioo, ivue kwanza ukiwa na glovu na barakoa. Kostiki soda inasafisha vizuri pia, lakini unatia soda kwenye maji, si maji kwenye soda, na usiiguse na aluminiamu kabisa, inaila.

Mteja anaweza kukwambia ukiache nje ili pikipiki ipige kelele na "iwe nyepesi". Mkatalie kwa heshima. Injini ya tu-stroku inategemea mawimbi ya moshi yanayorudi kutoka kwenye ekzosi ili petroli mbichi isitoroke, na ukibadilisha bomba bila kurekebisha kabureta unaweza kumharibia pistoni.

Wakati wa kurudisha, paka grisi ya shaba kwenye kibomba na kwenye uzi wa bolti, weka washa ya springi. Muulize anachanganyaje oili. Wengi wanakadiria kwa macho. Kama kitabu cha pikipiki yake kinasema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mpe kichupa chenye alama. Mwambie apite wiki ijayo, bomba likiwa baridi, uikaze ile bolti tena.