Ngazi ya kushukia chini: vipimo kwanza, urembo baadaye

Umeuliza uweke vigae au mbao kwenye ngazi ya kushukia chumba cha chini ya ardhi. Ndugu yangu, kabla ya yote chukua futi upime. Kimo cha kila kidato kiwe kati ya sm 15 na 18, na sehemu ya kukanyagia isipungue sm 25. 28 ni bora zaidi. Zidisha kimo mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, jibu liangukie kati ya sm 60 na 65.

Kubwa kuliko yote, vidato vilingane. Mguu huzoea kimo tangu hatua za mwanzo, basi kimoja kikizidi hata sentimita moja, mtu anajikwaa. Angalia sana kidato cha mwisho chini: fundi akishaweka vigae sakafuni kinabaki kifupi kuliko wenzake. Mwambie ahesabu unene huo mapema.

Reli ya kushikia iwe kimo cha sm 90 hivi, isikatike kuanzia juu mpaka chini, na kiganja kiweze kuizunguka. Taa iwashwe na kuzimwa kote kuwili, juu na chini. Kutoka kidato hadi dari juu yake acha mita 2 au zaidi, kichwa kisigonge.

Kwa urembo, mimi nachagua mbao isiyong'aa, ukingo wa kila kidato uwe na rangi tofauti, na kuta nyeupe. Vigae vya kung'aa achana navyo kabisa, chini huko unyevu haukosi.