Programu ipo, kasi ipo, tija iko wapi?

Swali: Mtaalamu, kampuni yetu ilinunua programu ya kushughulikia ankara za wauzaji wanaotuletea bidhaa. Zamani kuingiza ankara moja kulichukua dakika 15, sasa ni 4. Lakini miezi minane imepita, wahasibu ni walewale watano, tunamaliza ankara zilezile 20 kwa siku, na kama 240 hivi huwa njiani zikisubiri. Wakubwa wanauliza: huu ubunifu wa michakato, yaani kubadilisha namna kazi inavyofanyika, unaongeza tija kweli, au sisi ndio tunapima vibaya?

Jibu: Unaongeza, tena sana, ila kwenu umegusa mahali padogo. Na kipimo nacho kinawaficha. Tuanze na kipimo.

Rundo lenu la 240 halikui wala halipungui. Maana yake ankara zinazoingia nazo ni 20 kwa siku. Basi hata mkinunua programu bora kuliko zote, baada ya kumaliza rundo mtarudi palepale kwenye 20, kwa sababu hamwezi kulipa ankara ambayo haijaletwa. Kuhesabu ankara kwa siku hakutawaonyesha tija kamwe. Tija ni kazi iliyokamilika ikigawanywa kwa kilichotumika kuikamilisha. Kwenu ni hivi: watu 5 kwa saa 8 ni saa 40, gawanya kwa 20, kila ankara inakula saa 2 za mshahara, yaani dakika 120.

Sasa itazame ile programu ndani ya dakika 120. Imeokoa 11. Hata mngezivuna zote, kila ankara ingebaki na dakika 109, na tija ingepanda kwa asilimia 10 hivi. Hamkuzivuna. Dakika 11 mara 20 ni saa 3 na dakika 40 kwa siku. Ukizigawa kwa watu watano, kila mmoja amepata dakika 44. Muda wa namna hiyo usipopangiwa kazi humezwa na simu, barua pepe na kufuatilia mafaili, na hakuna anayeuona ukipotea. Simlaumu mhasibu hata mmoja. Mara nyingi nimekuta watu wanavuta kazi taratibu kwa sababu hakuna aliyewaambia kitakachowapata kazi ikipungua. Uongozi useme mapema, na kwa maandishi, saa zitakazookolewa zitakwenda wapi. Bila hilo, mnaomba watu wasaidie kujiondoa wenyewe.

Kuna hesabu nyingine iliyo muhimu zaidi, nayo ni kanuni aliyoithibitisha mwanazuoni wa Marekani, John Little, mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyo njiani ikigawanywa kwa vinavyotoka kwa siku hutoa wastani wa muda wa kukaa njiani. 240 kwa 20 ni siku 12. Ankara inakaa siku 12, nanyi mmefupisha dakika 11! Kuingiza haraka kumeifikisha tu mapema kwenye foleni inayofuata. Kwa uzoefu wangu, foleni hiyo huwa sehemu mbili: mezani kwa anayeidhinisha, na pale ankara isipolingana na oda ya ununuzi au hati ya kupokelea mzigo. Hii ya pili ndiyo hula watu. Mhasibu anapiga simu ghalani, ghala linamrudisha kwa mnunuzi, mnunuzi anamtafuta muuzaji, na kesho kutwa bado hakuna jibu.

Kampuni ya magari ya Ford nchini Marekani ilipitia jambo hilihili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Idara yake ya kulipa wauzaji ilikuwa na watu zaidi ya 500, na mpango wa kwanza ulikuwa kuweka kompyuta na kupunguza watu kama asilimia 20. Kisha wakaitazama Mazda, kampuni ya magari ya Japani, iliyofanya kazi hiyo kwa watu 5. Hata ukizingatia tofauti ya ukubwa, pengo lilikuwa la kutisha. Ford wakaacha kuharakisha ankara, wakaiondoa. Mzigo ukifika, mpokeaji anautafuta kwenye kompyuta: ukilingana na oda anaupokea na malipo yanaandaliwa; usipolingana unarudishwa. Vitu vya kulinganisha vilishuka kutoka 14 hadi 3, na watu wakapungua kwa asilimia 75. Kompyuta ilihitajika, lakini kilicholeta matokeo ni kuhamisha uamuzi kutoka kwa mhasibu hadi mlangoni pa mzigo.

Viwanda navyo vilipopata umeme, vingi vilitoa injini ya mvuke na kuweka mota moja kubwa izungushe mihimili na mikanda ileile iliyopeleka nguvu kwa mashine zote. Faida kubwa ilisubiri hadi miaka ya 1920, kila mashine ilipopewa mota yake na sakafu ikapangwa upya kufuata mtiririko wa kazi. Kwa hiyo miezi minane isiwavunje moyo. Ila muda peke yake hausaidii kama mihimili bado ni ya zamani.

Ushauri wangu ni huu. Chukueni ankara 10 zilizolipwa wiki iliyopita, si zile nzuri, bali 10 zozote. Kwa kila moja andikeni ilifika lini kila meza, iliguswa kwa dakika ngapi, ikaondoka lini, na ilirudishwa mara ngapi. Msiwatumie wakubwa muhtasari. Wapelekeeni karatasi zenyewe. Meza ambayo siku nyingi zimelala ndiyo ya kubadilisha kwanza, hata kama haina kompyuta. Baadaye pimeni saa za mshahara kwa kila ankara iliyolipwa bila kosa. Namba hiyo leo ni 2.