Jibu la swali la wiki: Mie kwanza nahesabu mifuko

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, mbunge akirudi jimboni kutoa taarifa ya hela za UVIKO na miradi, wewe unamsikilizaje na ungependa akwambie nini. Mhariri shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi. Ntajibu kwa kirefu, ukiona pamezidi kata, ila pale pa mfuko wa jimbo usipaguse.

Mie nauza mihogo ya kukaanga nje ya geti la sekondari moja ya kata hapa Tanga. Machi 2020 shule zilipofungwa tarehe 17, kesho yake nlikuwa na kiroba kizima cha mihogo uani na hamna wa kumuuzia. Tukala wenyewe, iliyobaki nkaanika nkatwanga tukapika bada, bada asubuhi bada jioni mpaka mwanangu wa mwisho akiniona nashika mwiko anakwenda kwa bibi yake. Shule zikaja kufunguliwa zote mwisho wa mwezi wa 6, mtaji ushaliwa. Kwaiyo siku ya kwanza kusikia redioni "fedha za UVIKO" nlidhani ndo zetu hizo sie tuliofilisika, nkaoga kabisa nkaenda ofisi ya mtaa kuuliza fomu inachukuliwa wapi. Mtendaji alinitazama kwa huruma. Akasema mama hizi ni za madarasa.

Na kweli zilikuwa za madarasa, sehemu kubwa. Septemba 2021 IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, walipitisha dola milioni 567.25, kwa hela yetu kama trilioni 1.3, Oktoba rais akazindua kampeni pale Dodoma, madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, vile vishule vya watoto wanaokaa mbali na shule mama, darasa moja milioni 20, na yawe tayari kabla kidato cha kwanza hawajaingia Januari 2022. Zingine zikaenda hospitali, maji na kadhalika. Shule yetu ikapangiwa manne.

Sasa kwa wasiojua, hela zile hazikupewa mkandarasi, zilikuja akaunti ya shule, inaitwa fosi akaunti, shule inanunua vifaa yenyewe na fundi wa mtaani analipwa ufundi tu. Zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mie nkatiwa ya mapokezi kwa sababu moja tu, nakaa jirani na shule, gari likija usiku mie ndo ntakaesikia. Sikusoma sana, la saba tu, ila kuhesabu mtu hanipati, miaka kumi na mbili nadaiwa na nadai.

Kazi ya mapokezi ni hivi, gari linafika na karatasi, karatasi imeandikwa mifuko 100, we unahesabu, ikiwa 100 unasaini, basi. Rahisi. Ila usiombe, maana desemba ile kila shule inajenga siku moja, nondo hazishikiki bei, simenti ndo usiseme, na hapa ni Tanga, Pongwe pale viwanda vinatimua vumbi la simenti tunalivuta bure, mfuko wenyewe unautafuta kama dawa. Usiku mmoja saa nne likaja gari, karatasi inasema 100, nkahesabu 91. Nkarudia, 91. Dereva akaniambia mama saini tu tisa zinakuja kesho, mvua hiyo inakuja simenti italoa. Mwalimu mkuu mwenyewe amechoka anasema saini tuwahi. Mie nkasema ntasaini 91 na neno "tisa bado" kwa herufi kubwa. Dereva alinitukana kidogo. Tisa zile zilikuja baada ya siku sita, na nna hakika bila yale maandishi zisingekuja kamwe.

Nimewaeleza yote haya ili mnielewe nnavokaa kwenye mkutano wa mbunge, manake tangu siku ile nakaa hivo hivo, na karatasi mkononi.

Mheshimiwa alikuja mwanzo wa 2022, pale chini ya mwembe jirani na ofisi ya mtaa. Viti vya plastiki, spika mbili, kina mama wa ngoma wamevaa sare. Akaanza, nimeleta milioni 80 za madarasa, vigelegele. Nimeleta hela za zahanati, vigelegele. Nimeleta maji. Kwenye daftari langu kila akisema nimeleta napiga kijiti, vikafika kumi na saba nkaacha.

Mie simchukii jamani na simtaji jina, nadhani ni mtu mwema, alishakula mihogo yangu na akalipa. Ila ile nimeleta ndo karatasi inayosema 100. Mbunge hana fungu la madarasa mfukoni. Katiba ibara ya 63 inasema kazi ya Bunge ni kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba yetu, na halmashauri nako ni mjumbe wa baraza la madiwani. Kwaiyo alitakiwa atwambie nlisimamia hivi, nliuliza hivi nkajibiwa hivi, hapa walinizungusha, tisa bado. Hilo la tisa bado sijawahi kulisikia kwenye mkutano wa mbunge yoyote, wote karatasi zao zimetimia.

Kilichonifurahisha ni babu mmoja wa Chongoleani, mvuvi wa zamani, alipewa maiki akauliza swali moja tu, mheshimiwa hizo hela tumepewa au tumekopa? Pakanyamaza. Yani hata wale wa ngoma waliacha kutikisa. Mheshimiwa akacheka akasema mzee ni mkopo wa masharti nafuu. Babu akasema ahaa, akarudisha maiki, akaketi. Mie hapo ndo nkajua kumbe na mimi sikujua, muda wote tunaita hela za Mama, hela za Mama, kama vile zawadi ya harusi, kumbe zina mwenyewe anazisubiri, na watakaolipa ndo hao wanaokaa kwenye yale madarasa. Sisemi vibaya kukopa, hata mie nimekopa, nlikuwa kwenye kikundi cha wanawake cha ile asilimia 10 ya halmashauri, nne kinamama, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, mpaka 2023 serikali ilipoisimamisha kwanza. Lakini mkopo unaitwa mkopo. Kwenye kikundi ukisema umepewa tunakutoa.

Haya, 2024 alirudi tena, safari hii miradi. Bandari, akasema bilioni 429, na hilo ni kweli tunaliona kwa macho, zamani meli zilitia nanga mbali huko kama kilometa moja na zaidi sababu gatini kina kilikuwa mita tatu, mizigo inashushwa kwenye matishari ndo iletwe, sasa kimechimbwa mpaka mita 13 meli inatia gati yenyewe. Shemeji yangu ni kuli, amefurahi na hajafurahi, anasema kazi ya kushusha mara mbili imekwisha na hela yake imekwisha. Mheshimiwa hakugusa hapo. Mie ningependa aguse. Bomba la mafuta toka Uganda, kilometa 1,443 linaishia kwetu Chongoleani, alilieleza vizuri mpaka na urefu.

La maji alijikanyaga. Alisema tumepata hela za hati fungani, watu wakaguna, hati gani hiyo, kijana mmoja anaesoma uhasibu ndo akasimama akatufafanulia, kwamba mamlaka ya maji ya Tanga imeuza hati fungani ya kijani, yani imekopa kwa watu kwa karatasi, kijani sababu ni ya mradi wa mazingira, ilitafuta bilioni 53.12, watu wakanunua mpaka ikapita lengo, miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Mama mmoja nyuma akauliza mwanangu, na hiyo riba nani anailipa? Kijana akasema mamlaka, kwa mapato yake. Mapato yake yapi? Bili mama. Tulicheka wote na mheshimiwa akacheka, ila mie nliandika.

Sasa ule mfuko wa jimbo, msiukate. Kuna sheria ya mwaka 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Ndo hela pekee ambayo mbunge ana haki ya kukaa mbele yetu akasema mie, mie, mie, manake kamati yake ndo inayopanga iende wapi. Saa nzima na nusu ya mkutano, mfuko wa jimbo ulipata sentensi moja, "na mfuko wa jimbo tumeugawa kwenye kata mbalimbali". Mbalimbali! Hebu fikiria dereva ananiletea karatasi imeandikwa mifuko mbalimbali.

Nkanyoosha mkono. Nlitetemeka ntasema uongo nini. Nkamwambia mheshimiwa shikamoo, tunashukuru kwa yote, ila mfuko wa jimbo naomba uandikwe kwenye karatasi, kata gani, kitu gani, shilingi ngapi, ubandikwe hapo ofisi ya mtaa. Mshereheshaji akataka kunipoka maiki, mheshimiwa akamzuia, na kwa hilo nampa heko, akamwambia katibu wake andika.

Ilichukua kama mwezi na nusu. Karatasi ikabandikwa, kata yetu ina mistari mitatu, mabati ya ofisi, matundu ya choo na kalvati moja. Nlikwenda kuyaangalia yote kwa miguu. Mabati yapo, choo kipo, kalvati sijaliona. Mwenyekiti wa mtaa anasema lipo, lipo wapi anasema upande wa chini, upande wa chini nimefika mara mbili.

Karatasi yenyewe ilikaa wiki mbili mvua ikaiozesha. Mie nlishainakili kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, chini ya mwalimu wa hesabu anaedaiwa 2,000 ya mihogo, nkaandika kalvati 1, bado.